Peke Yako Materuni: Vidokezo vya Kuifaidi Siku Moja

Uko Moshi mjini, huna mwenza, na siku uliyo nayo ni moja tu? Inatosha! Panda Materuni, kijiji cha kahawa na maporomoko ya maji huko Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro.

1. Damka, mlima haungoji mtu
Jua likishapanda, Kilimanjaro hupenda kujifunika mawingu. Wahi daladala ya asubuhi, kaa dirishani. Magari ya watalii yakiwasili, wewe umeshalowa manyunyu ya maporomoko.

2. Chukua mwenyeji
Njia hupita katikati ya vihamba, mashamba ya familia za Wachagga, na vihamba ni nyumbani kwa watu. Mwongozaji wa hapo kijijini anajua pa kupita na pa kubisha hodi. Patana naye bei kabla hamjaanza kutembea. Mwombe akuonyeshe mifongo, ile mifereji ya kale ya Wachagga inayoleta maji ya mlimani hadi kwenye migomba na kahawa. Mkiwa wawili tu mnatembea kimya, hata kinyonga kwenye jani mtamwona.

3. Viatu vyenye meno
Udongo ukinyeshewa huteleza kama mlenda, hasa masika, Machi hadi Mei. Soksi za akiba nazo zitie mkobani.

4. Shika mchi!
Wenyeji wakianza kuandaa kahawa, usikae pembeni na simu. Buni kavu hutiwa kinuni, mkatwanga kwa zamu huku mkiimba, kisha maganda yakapepetwa kwa ungo. Uhondo uko jikoni, kwenye chungu juu ya kuni. Mwanzoni utasikia harufu ya majani makavu. Ghafla punje zinaanza kupasuka, ta! ta! Hapo koroga bila kupumzika, maana kahawa huungua upesi sana. Onja kikombe cha kwanza bila sukari. Ukija msimu wa mavuno, miezi ya mwisho wa mwaka, utachuma kahawa nyekundu mtini kwa mkono wako.

5. Maneno mawili ya Kichagga
"Shimbonyi" ni salamu, "aika" ni asante. Kwa wazee, anza na shikamoo. Utashangaa viti vinavyovutwa ukaribishwe mtori wa ndizi!

6. Nunua kahawa kwa mwenye kihamba
Beba noti ndogo ndogo, chenji ni shida. Shuka kabla ya giza, daladala hupungua jioni. Na kahawa uliyoitwanga mwenyewe usiigeuze pambo la kabatini: inywe wiki hiyo hiyo, harufu yake ikiwa bado kali.