Ncha ya Usukani: Majeraha ya Ndani ya Tumbo kwa Waendesha Baiskeli wa Milimani

Barabara itokayo Mombo kwenda Lushoto hupanda takriban mita 1,000 katika mwendo wa kilomita 33 hivi. Huanzia kwenye joto la tambarare, hufuata bonde la mto hadi Soni penye maporomoko ya maji, kisha huendelea kupinda mpaka Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao. Kutoka barabara hiyo huchepuka njia nyingi za miguu. Ziko ziendazo ukingo wa Irente, ziko zipitazo msitu wa Magamba, na ziko ziendazo Vuga, makao ya kale ya watawala wa Kikilindi, ambako mmisionari Krapf alifika mwaka 1848 kuonana na Kimweri. Makao hayo yalikuwa juu ya mgongo wa mlima, mahali ambapo mgeni hawezi kufika bila kuonekana wala bila kuchoka. Njia za namna hiyo zilikanyagwa na watu wenye haja ya kupanda polepole. Hazikukusudiwa kushukwa kwa kasi.

Leo zinashukwa kwa kasi. Wageni huja na baiskeli za gia zenye magurudumu mapana ili wajionee milima na mabaki ya historia yake. Vijana wa vijijini hushuka na baiskeli za chuma zilizobeba kabichi, karoti au kuni. Baiskeli hizo mbili hazilingani kwa bei wala kwa breki, lakini jeraha ninalotaka kulifundisha hapa haliwabagui wenye kuziendesha.

Mtu akianguka na baiskeli, macho ya kila mmoja huelekea kichwani, begani na kwenye kifundo cha mkono. Ni haki yao, kwa kuwa jeraha la kichwa ndilo liuwalo upesi, na kofia ngumu haina mbadala. Hata hivyo lipo jeraha jingine ambalo halitoi damu nje, halivunji mfupa, na kwa saa kadhaa humwacha majeruhi akitembea na kuzungumza. Ni lile la ncha ya usukani kuingia tumboni.

Tuangalie kwanza linavyotokea. Mwendeshaji na baiskeli yake wakiwa na uzito wa kilo 80, kushuka mita 1,000 kunaachia nishati ya kilojuli 780 hivi. Upepo huchukua sehemu yake; iliyobaki hugeuka joto katika breki. Nishati hiyo kwa jumla ingetosha kuchemsha lita 2 za maji. Si ajabu basi kwamba raba za breki zilizochakaa hushindwa katikati ya mteremko, wala si ajabu kwamba mwendeshaji mwenye vidole vilivyochoka hubana breki ya mbele kwa ghafla. Gurudumu la mbele hukwama, au hugonga jiwe au mzizi, na kugeuka pembeni. Usukani nao hugeuka, ncha yake moja ikamwelekea mwendeshaji kama mpini wa jembe uliosimamishwa. Mwili unaendelea mbele. Uzito wote wa mtu hukutana na duara la chuma lenye upana wa sentimita 2 au 3.

Ndiyo maana ajali yenyewe huweza kuwa ndogo. Mtoto wa miaka 9 anayejifunza kwa baiskeli ya baba yake, katika uwanja wa shule wenye mteremko mdogo tu, anaweza kupata jeraha lile lile analolipata mtalii aliyeteleza msituni. Watoto, kwa kweli, ndio walio hatarini zaidi: ukuta wa tumbo lao ni mwembamba, na mbavu zao laini haziwakingi vya kutosha.

Kinachoumia hutegemea upande. Ncha ikiingia chini ya mbavu za kushoto, huumiza wengu. Kulia, huumiza ini. Viungo vyote viwili vina damu nyingi, na vikipasuka, damu hujikusanya tumboni. Ncha ikiingia katikati, juu ya kitovu, huibana kongosho pamoja na sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba dhidi ya uti wa mgongo. Hapo ndipo penye udanganyifu mkubwa. Viungo hivyo vimelala nyuma kabisa ya tumbo, na dalili zake huweza kuchukua siku nzima au zaidi kujitokeza. Mgonjwa hulala nyumbani, kesho yake huanza kutapika matapishi ya kijani, na hakuna anayekumbuka kumuuliza kuhusu baiskeli.

Kwa wengu yapo maelezo ya ziada yanayotuhusu sisi wa nchi za joto. Wengu uliovimba kwa malaria ya mara kwa mara au kwa kichocho cha tumbo hupasuka kwa kishindo kidogo kuliko ule wa kawaida, kwa sababu umetoka nje ya ngome ya mbavu na ganda lake limetanuka. Utafiti uliofanywa katika milima hii hii ya Usambara umeonyesha kwamba maambukizi ya malaria hupungua sana kadiri mtu anavyopanda kutoka tambarare. Kwa hiyo swali la «unaishi wapi?» si la adabu tu. Kijana aliyekulia karibu na Mombo au Korogwe na kijana aliyekulia juu Lushoto wanaweza kuanguka kwenye kona moja, kwa kasi moja, na wa kwanza akawa na hatari kubwa zaidi.

Mhudumu wa zahanati afanye nini, asiye na altrasaundi wala daktari wa upasuaji? Avue nguo za mgonjwa, atazame. Alama ya duara juu ya tumbo, hata ikiwa ni mchubuko mwekundu wa ukubwa wa sarafu, ni taarifa nzito. Aulize kama ncha ya bega la kushoto linauma ilhali bega lenyewe halikuguswa: damu inayogusa kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo huleta maumivu begani, kwa kuwa mishipa ya fahamu ya sehemu hizo mbili ina asili moja shingoni. Kisha ahesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima, ayaandike pamoja na saa, na ayarudie kila baada ya dakika 15.

Nasisitiza mapigo kwa sababu shinikizo la damu huchelewa kusema kweli. Mtu mzima wa kilo 70 ana lita 5 hivi za damu, na kijana mwenye afya anaweza kupoteza zaidi ya lita moja huku kipimo cha shinikizo kikiwa bado kinaridhisha. Mapigo yanayopanda kutoka 84 hadi 100, kisha 116, yanaeleza zaidi kuliko kipimo kimoja cha 110 kwa 70. Kiu, jasho la baridi na kutotulia ni maneno ya lugha hiyo hiyo. Hemoglobini ya mwanzo nayo isimtulize mtu. Hubaki ya kawaida mpaka maji ya mwili yameingia kwenye mishipa kujaza pengo.

Mwenye alama ya usukani na maumivu ya tumbo, au mapigo yanayopanda, apelekwe hospitali akiwa amelazwa, asipakiwe nyuma ya pikipiki. Awekewe njia mbili pana za mshipa. Maji ya dripu apewe kwa kiasi cha kurudisha mapigo ya kifundo cha mkono yaguswe, yasimiminwe ovyo, kwani shinikizo likipandishwa mno damu iliyoanza kuganda husukumwa itoke. Mwenye jeraha la kichwa pia asiachwe na shinikizo la chini. Panapokuwa na asidi ya traneksamiki, mtu mzima apewe gramu 1 taratibu kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu kuumia. Asile wala asinywe. Maumivu yatulizwe, ila si kwa dawa za jamii ya aspirini au diklofenaki. Na tumbo lisichuliwe. Najua kuchua kuna heshima yake katika nyumba zetu, na kwa msuli uliokazana sina neno. Wengu wenye ufa ni jambo jingine.

Huko hospitalini, altrasaundi itaonyesha damu iliyo huru tumboni, na hiyo ni faida kubwa. Isipoonyesha kitu, utumbo na kongosho vinaweza kuwa vimeumia bado, hivyo mgonjwa mwenye alama ya usukani na maumivu yasiyokoma hulazwa na kupimwa tena, au hufanyiwa skani ya CT inapopatikana. Majeraha mengi ya wengu hupona bila kisu, mradi mgonjwa hayumbi na yupo mtu wa kumwangalia usiku kucha.

Kwa mwendeshaji maneno ni machache. Kabla ya kushuka, tazama ncha mbili za usukani. Mpira wake ukiwa umechanika na bomba likawa wazi, chuma hicho hukata kama patasi ya mviringo. Kizibo cha plastiki, hata cha kuchonga kwa mti, hupunguza ukali wake. Kaza usukani, kagua raba za breki. Mteremkoni simama juu ya pedali zikiwa sawia, rudisha nyonga nyuma, kunja viwiko, na punguza kasi kwa breki zote mbili kabla ya kona, si ndani yake. Wakati wa masika udongo wa njia za Vuga na Magamba huteleza kama sabuni, na kushuka kwa miguu ukisukuma baiskeli hakumpunguzii mtu hadhi.

Aliyeumia wengu akaruhusiwa kurudi nyumbani asirudi kwenye baiskeli mpaka daktari wake amruhusu, na hilo huchukua wiki nyingi, pengine miezi. Aliyeondolewa wengu anahitaji chanjo dhidi ya vimelea vya nimonia na vya uti wa mgongo, pamoja na kinga ya malaria kila anaposhuka tambarare. Homa yoyote kwake ni dharura ya siku ile ile, na kadi inayosema hana wengu ikae mfukoni mwake kila aendapo.