Besi Nzito au Gita Safi?

Swali: Hedifoni zangu za Beats zina besi tamu, lakini kaka yangu wa Goma anazicheka na kusifu Sennheiser HD 600 yake. Nani ana sikio? – Msomaji, Gisenyi

Jibu: Nyote, ila mnasikilizia mahali tofauti. Kwenye basi la Kigali muungurumo humeza sauti nene, kwa hiyo besi ya ziada inakufaa. HD 600, ya mwaka 1997, iko wazi nyuma: kelele zote huingia, na ukinzani wake wa omu 300 huilemea simu ya kawaida. Hiyo ni ya chumbani. Kupima masikio yenu, pigeni rumba ya Franco, mwanamuziki wa Kongo, mtafute gita la mi-solo, lile kati ya solo na ritimu. Besi ikizidi, gita hilo huweza kuzama. Likisikika kwako, mwache kaka acheke.