Maneno Madogo ya Kiingereza Yaangushayo Watu

Wasomaji wetu wengi, walimu kwa makarani, wametumia miaka mingi kujifunza Kiingereza, na hata leo hujikwaa. Si kwa maneno makubwa ya vitabuni, bali kwa yale madogo yasemwayo kila siku. Neno kubwa mtu huliogopa, akaenda kulitafuta katika kamusi. Neno dogo hulidharau, nalo ndilo limwangushalo. Leo twapenda kueleza machache ya namna hiyo, na tutaanza na lile lililotutia mashakani sisi wenyewe.

Tulikuwa karani mgeni katika ofisi moja ya bara. Mkubwa wetu alikuwa Mwingereza, mtu wa haki lakini mwenye haraka. Siku hiyo tarishi alitazamiwa kuleta mfuko wa fedha, shilingi 340, kutoka ofisi ndogo iliyo mbali. Jioni mkubwa alipita karibu na meza yetu, macho yake yakiwa katika karatasi, akauliza: "Hasn't the messenger brought the money?" Maana yake, Je, tarishi hajaleta fedha? Tukasimama kwa adabu, tukajibu, "Yes, sir." Katika mawazo yetu tulikuwa tumesema, Ndiyo bwana, hajaleta. Yeye akasikia, Ameleta. Akaandika katika daftari kwamba fedha zimepokewa, akatia sahihi yake, akaenda zake nyumbani.

Asubuhi sanduku la chuma likafunguliwa, fedha hazimo. Tukaulizwa, tukasema hatujaziona. Tukaambiwa, "Jana ulisema zimefika." Tukaapa kwamba hatukusema hivyo, naye, kwa kuwa alikuwa amesikia kwa masikio yake mwenyewe, akatuona kuwa tu mwizi na mwongo pamoja. Funguo zikatwaliwa. Siku mbili tulikaa barazani bila kazi, na watu waliotuamkia kwa heshima juzi wakawa wanapita kando. Siku ya tatu tarishi akatokea, matope hadi magotini, mfuko mkononi, na lakiri yake nzima haikuguswa. Mto ulikuwa umefurika, naye alikuwa amelala ng'ambo akingoja maji yapungue. Hapo mkubwa akauliza, "Basi kwa nini ulisema yes?" Nasi tukajibu, "Kwa sababu uliuliza kama hajaleta, na kweli alikuwa hajaleta." Akanyamaza kitambo, kisha akacheka, akaturudishia funguo. Sisi hatukuweza kucheka siku ile.

Basi jambo lenyewe ni hili. Kwa Kiswahili, mtu akiulizwa, "Hukula?" naye hakula, atajibu, "Ndiyo, sikula." Neno lake "ndiyo" lakubali usemi wa yule aliyeuliza, ni kama kusema, umenena sawa. Kama amekula, atasema, "La, nimekula," yaani hukunena sawa. Sisi twamjibu mtu. Mwingereza hamjibu mtu, hujibu jambo. Yeye hatazami swali limeulizwa kwa kukana au kwa kukubali. Hutazama tendo tu. Tendo limekuwapo, atasema "yes". Halikuwapo, atasema "no". Kwa hiyo "Have you eaten?" na "Haven't you eaten?" kwake jibu lake ni moja. Aliye na njaa atajibu "No" kwa yote mawili, na aliyeshiba atajibu "Yes" kwa yote mawili.

Asiyejua hili aweza kupata hasara kubwa kuliko siku mbili za barazani. Fikiri mtu amesimama mbele ya hakimu, anaulizwa, "Did you not strike this man?" naye kwa unyofu ajibu "Yes", akikusudia kusema, Ndiyo, sikumpiga. Amekwisha kuungama kosa asilolitenda. Mkalimani mwema hatafsiri neno hilo moja peke yake. Humwuliza mtu tena, apate sentensi nzima. Nasi tangu siku ile tumeshika desturi hiyo katika kila ofisi: hatujibu "yes" wala "no" tupu kwa swali la kukana. Twasema, "He has not come, sir," au "He has come," na shaka huondoka.

Tusidhani kwamba Waingereza wenyewe wameliona jambo hili kuwa jepesi siku zote. Zamani walikuwa na maneno manne ya kujibia. Swali la wazi lilijibiwa kwa "yea" au "nay". Swali la kukana lilijibiwa kwa "yes" au "no", na "yes" ilikuwa ya kupinga ule ukano. Mwaka 1532 Sir Thomas More, mtu mkubwa wa serikali na mwanachuoni, alimkaripia kwa maandishi William Tyndale, mfasiri wa Biblia, kwa kuandika "no" mahali palipotaka "nay". Jambo la kuchekesha ni kwamba More mwenyewe, katika kuieleza kanuni ile, aliteleza akaigeuza. Kama mwalimu ameteleza katika somo lake mwenyewe, si ajabu kwamba kanuni ilikufa, na maneno mawili yakabaki kufanya kazi ya manne.

Ndugu wa mtego huu ni maneno "Do you mind". Mgeni akikuuliza, "Do you mind if I sit here?" yaani, je, utaudhika nikikaa hapa? ukamjibu "Yes" kwa ukarimu wako wote, umemfukuza. Atakaye kumkaribisha sharti aseme "No", yaani sitaudhika. Hata Waingereza wengine, tumewasikia kwa masikio yetu, husema "Yes, of course" huku wakimvutia mtu kiti. Nao huelewana kwa kutazamana usoni.

Sasa tuje kwenye "borrow" na "lend". Kosa hili twaliona karibu kila juma katika barua. Chanzo chake ni Kiswahili chetu, maana neno kuazima hutumika huku na huku: Nimeazima jembe kwa jirani, na tena, Jirani ameniazima jembe. Mwingereza amegawanya. Apokeaye hu-"borrow", atoaye hu-"lend". Mtu aandikaye "Please borrow me ten shillings" amemwambia mwenzake maneno yasiyo na maana. Na aandikaye "I lent his bicycle", akitaka kusema ameiazima, amejifanya mwenye baiskeli.

Upande mwingine Kiswahili ni tajiri, na Kiingereza ndicho kilicho maskini. Sisi tuna wewe na ninyi. Waingereza nao zamani walikuwa na "thou" ya mtu mmoja na "you" ya wengi. Kisha "you" ikatumika kwa kumheshimu mtu mmoja, mpaka heshima ikaenea kwa kila mtu, na "thou" ikabaki katika sala, mashairi na lahaja chache. Kwa hiyo barua ikimfikia mzee wa kijiji imeandikwa, "You are to come on Monday", hajui kama ni yeye peke yake au yeye na wazee wenziwe. Mwandishi mwangalifu huongeza neno: "you and your elders". Ikiwa hakuongeza, yafaa kuuliza mapema kuliko kuwatembeza wazee saba bure.

Lakini katika "he" na "she" ni sisi tuteswao. Kwetu, "amefika" ni mwanamume au mwanamke, wala hakuna aliyekosewa. Tulipata kuona barua ya mwalimu mmoja, mtu hodari wa hesabu, akiomba ruhusa kwa ajili ya mkewe: "My wife is near to deliver and he has no mother here." Ruhusa alipewa, na barua ikasomwa ofisi nzima.

Lipo na neno "sorry". Mtu akijikwaa njiani, sisi husema "Pole", hata kama tuko ng'ambo ya barabara. Watu wetu wamelihamisha neno hilo katika Kiingereza, nao husema "Sorry" kwa Mzungu aliyejikwaa. Yeye husimama akashangaa: Kwani ni wewe uliyeniangusha? Maana kwake "sorry" mahali kama hapo yafahamika kwanza kuwa neno la kuomba radhi kwa kosa. Husema pia "I am sorry to hear it" kwa habari za msiba, lakini kwa mtu aliyejikwaa ataulize, "Are you all right?" Sisi twaona kwamba katika jambo hili Kiswahili kina huruma zaidi, wala hatumlaumu mtu anayeendelea kusema "Sorry" yake, ila ajue kwa nini ametazamwa vile.

Na herufi zisizosomwa je? Wanafunzi hutuuliza sana, nasi twafupisha. "Knife" ina "k" kwa sababu zamani ilitamkwa. Ulimi ukaiacha, kalamu haikuiacha. William Caxton alileta mtambo wa kupiga chapa Uingereza mwaka 1476, na maandishi yakaanza kushikamana wakati ambapo matamshi yalikuwa yakibadilika sana. Ndiyo maana "though", "through", "cough" na "tough" zafanana machoni na kutengana masikioni. Herufi nyingine zilitiwa na wanachuoni kwa makusudi. Neno "debt", yaani deni, hapo kwanza liliandikwa bila "b". Wakaitia ili lifanane na Kilatini, wala hakuna aliyeitamka. Mbaya zaidi ni "island", ambayo "s" yake iliingia kwa kosa, watu wakidhani neno limetoka katika Kilatini, kumbe ni neno la Kiingereza cha asili. Mwanafunzi apigwaye kwa kusahau "s" hiyo ameadhibiwa kwa kosa la watu waliokufa karne nyingi zilizopita.

Mwalimu apendaye kulijaribu darasa lake katika lile jambo la kwanza, na achukue boksi la chaki lililo tupu, alifungue mbele ya wanafunzi wote waone, kisha aulize: "Isn't there any chalk?" Jibu lililo sahihi ni "No". Sisi tulifanya hivyo katika darasa la jioni la watu wazima, na zaidi ya nusu yao, wakiwa wamelitazama boksi tupu kwa macho yao, waliitika kwa sauti moja, "Yes!"