Maji yapo, mtu hayupo

Mpendwa kijana, fungua Yohana 5. Pale Bethzatha kuna mtu ameugua miaka 38. Yesu anamuuliza kama anataka kupona, naye analalamika kwamba hana wa kumwingiza birikani. Maji yapo. Mtu ndiye hayupo.

Likizo iliyopita nilimkuta mtu huyo Mbagala. Mzee wa chumba cha kupanga, yuko peke yake, miguu imevimba. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 imeweka matibabu bure kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Sera ipo! Ila kuna barua ya serikali ya mtaa, kuna afisa ustawi wa jamii, kuna foleni, kuna "rudi kesho". Kwa miguu ile?

Sisi vijana tulimpelekea sukari na sabuni, tukasali, tukapiga picha, tukaondoka. (Picha nilizirusha mimi, nakiri.) Wiki iliyofuata nikarudi na mwenzangu mmoja, dereva wa bajaji. Tukamsindikiza siku tatu, tukimsemea kila dirisha, mpaka akapata dawa.

Aristotle, katika vitabu kumi vya Maadili, ametenga viwili kwa urafiki. Nilivisoma kwa ajili ya mtihani tu. Mzee aliniuliza, "Frateri, na Jumanne utakuja?" Jumanne hakuna kliniki. Alitaka mtu wa kucheza naye bao.

Nilikwenda. Akanifunga mara nne.

Sasa nimerudi seminari. Jumanne anakwenda yule wa bajaji. Alhamisi bado haina mtu.