Mwili wa Mwigizaji: Mafunzo ya Kiasia na Jukwaa la Shule za Nyamira

Mwanafunzi wa Nyamira anayepewa nafasi ya Mwelusi katika Kifo Kisimani (2001), tamthilia ya Kithaka wa Mberia, aghalabu huanza kwa kukariri maneno. Mwili husahauliwa. Matokeo yake ni mfungwa aliyeteswa kunena akiwa amesimama wima kama kiranja gwarideni. Kasoro hiyo si ya kipaji. Ni ya mafunzo, na mapokeo ya Asia yana la kuchangia.

Afrika Mashariki si ngeni katika jambo hili. Mnamo 1965 Tanzania ilipeleka vijana China kujifunza sarakasi, nao waliporejea mwaka 1969 kikaundwa kikundi cha taifa. Sarakasi ikiwa peke yake hubakia kuwa kivutio cha macho tu. Manufaa yake kwa mwigizaji yalidhihirika zaidi pale Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa 1981, kilipoifundisha sambamba na ngoma, muziki na uigizaji.

Mjapani Tadashi Suzuki alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1976 alihamishia kundi lake Toga, kijiji cha milimani kilicho mbali na Tokyo (Nyamira nayo, basi, haina haja ya kuingojea Nairobi). Alichota kutoka Noh na Kabuki nidhamu ya miguu, wala si mavazi. Waigizaji wake hukanyaga sakafu kwa kishindo, kiuno kikiwa kimetulia, kisha hutamka maneno ya mchezo pumzi ikiwa ingali chini ya mamlaka yao.

Kuiga mikao ya Kijapani katika ukumbi wa shule kungekuwa kujivika nguo ya kuazima. Kinachofaa kuazimwa ni utaratibu: mwili ufunzwe kila siku kabla ya matini kuguswa. Vifaa vipo. Obokano, zeze kubwa la Abagusii lenye nyuzi nane, hutoa mdundo mzito unaoweza kuongoza zoezi hilo. Kundi likanyage kwa kuufuata mdundo huo dakika tatu hivi, wala bega lisitikisike. Ala inyamaze ghafla, wote wagande. Katika kimya hicho Mwelusi atamke usemi wake wa gerezani bila kuhema. Akihema, mdundo uanze upya.