Mafuta ya mwilini na saratani ya matiti: unachohitaji kujua ukiwa Nkoroi

Huku kwetu mama akinenepa baada ya kuolewa na kuzaa, watu husema nyumba ina amani. Sifa hiyo haina ubaya, lakini mafuta yanayojikusanya mwilini yana kazi yake, na baada ya hedhi kukoma kazi hiyo inaweza kuchangia saratani ya matiti. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walieleza kwamba ushahidi umetosha: mafuta ya ziada mwilini yanahusika na aina 13 za saratani, na hii ni mojawapo. Nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta kwamba wanawake 45 katika kila 100, wa umri wa miaka 20 hadi 49, wana uzito uliozidi. Basi jambo hili linagusa karibu kila ploti.

Mafuta yanaingiaje kwenye habari ya titi? Tuanze na estrojeni. Hiyo ni homoni, yaani kemikali inayobeba ujumbe kwenye damu, na ndiyo inayomfanya msichana aote matiti na apate hedhi. Ukiwa bado unapata hedhi, sehemu kubwa ya estrojeni hutoka kwenye ovari, vile vifuko vya mayai. Hedhi ikikoma, aghalabu kati ya miaka 45 na 55, ovari huacha kazi hiyo karibu kabisa, na mafuta ndiyo huishika. Ndani ya mafuta kuna kichocheo kiitwacho aromatase, ambacho hugeuza homoni nyingine kuwa estrojeni. Mafuta yakizidi, estrojeni nayo huzidi, tena katika umri ambao titi lingekuwa limepumzika. Saratani nyingi za matiti za umri huo hukua kwa kuchochewa na estrojeni.

Kuna la pili. Sehemu ya estrojeni iliyo kwenye damu husafiri ikiwa imeshikwa na protini maalumu. Ikishikwa hivyo ni kama abiria aliyebanwa ndani ya matatu ya Rongai: yupo, lakini hawezi kushuka akafanya shughuli. Unene hupunguza protini hiyo, kwa hiyo estrojeni iliyo huru kufika kwenye seli za titi huongezeka. Insulini, homoni inayoongoza sukari mwilini, pia hupanda kwa watu wenye mafuta mengi tumboni, nayo husukuma seli zigawanyike haraka. Kila seli inapogawanyika pana nafasi ya kosa kutokea, na saratani huanza kwa makosa ya namna hiyo yakirundikana.

Mafuta yaliyozidi pia huleta uvimbe wa ndani usiouma wala kuonekana. Seli za mafuta zikijaa kupita kiasi, baadhi hufa, na askari wa mwili huja kuzizunguka na kumwaga kemikali. Hali hiyo ikidumu miaka, huharibu mazingira ya titi na hata kuichochea aromatase izidi kufanya kazi.

Je, kila mnene ataugua? La. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2008 ulionyesha kwamba baada ya kukoma hedhi, kila uzito unapopanda pointi tano kwenye kipimo nitakachokieleza hapa chini, hatari huongezeka kwa takriban asilimia 12. Ni ongezeko la kweli, ila si hukumu. Kabla ya kukoma hedhi hali ni tofauti, na unene hauonekani kuongeza hatari kwa jumla. Lakini msichana asijione salama kwa sababu hiyo, wala mwembamba kwa wembamba wake. Hapa Kenya saratani ya matiti huwapata wengi walio chini ya miaka 50, na wembamba pia huugua. Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu nimechoka kusikia mgonjwa akiambiwa amejiletea ugonjwa kwa kula.

Utajuaje kama uzito wako umezidi? Kipimo nilichokitaja ni hiki: chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama wa kilo 75 na urefu wa mita 1.6 atapata karibu 29. Kuanzia 25 uzito umezidi; kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Pima na kiuno kwa utepe wa fundi cherehani: kwa mwanamke, kikipita sentimita 80 hatari imeanza. Kama huna mizani, muulize mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu. Tangu Septemba 2023 wahudumu hao wamekuwa wakipewa mikoba yenye mizani na vipimo vya presha na sukari, na hawalipishi.

Kupunguza kunasaidia hata kama umri umekwenda? Ndiyo. Utafiti mkubwa wa wauguzi wa Marekani uliochapishwa 2006 ulikuta kwamba wanawake waliopunguza kilo 10 au zaidi baada ya kukoma hedhi, wasizirudishe, na ambao hawakuwahi kutumia dawa za homoni, walikuwa na hatari ndogo kwa zaidi ya nusu kuliko wale ambao uzito wao haukubadilika. Anza na yanayowezekana: sukari kwenye chai, soda, mandazi ya asubuhi, na mafuta ya kukaangia mboga. Sukuma wiki, managu na maharagwe viongezeke sahanini, ugali upungue. Anayeshinda kazini Nairobi hukaa muda mrefu kwenye foleni ya Magadi Road kwenda na kurudi, kwa hiyo ashuke steji moja kabla ya yake, penye mwanga na watu, amalizie kwa miguu. Lengo ni angalau dakika 150 za kutembea kwa haraka kwa wiki. Pombe nayo huongeza hatari hata ikiwa kidogo. Kunyonyesha huipunguza.

Sasa uchunguzi. Ukigundua uvimbe kwenye titi au kwapani, hata usiouma, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, au ngozi yenye vishimo, nenda kituoni wiki hiyo hiyo. Kwenye titi kubwa uvimbe mdogo ni mgumu kuhisi kwa vidole, kwa hiyo usitegemee mikono peke yake. Mwongozo wa Kenya unashauri memogramu, yaani picha ya eksirei ya titi, kila mwaka kuanzia miaka 40 hadi 55, kisha kila miaka miwili hadi 74. Na ukipungua uzito bila kujaribu, usishangilie. Hiyo nayo ni sababu ya kumwona daktari.

Kutoka Nkoroi, anzia hospitali ya serikali ya Ongata Rongai au ya Ngong. Mkazi wa Kitengela ana hospitali ya Kitengela. Kupapaswa na mhudumu ni hatua ya kwanza. Ukihitaji kipimo cha kukata kinyama, ambacho ndicho huthibitisha saratani, au matibabu, utaandikiwa barua ya rufaa, na wengi hupelekwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Bei ya memogramu hutofautiana, kwa hiyo piga simu uulize kwanza.

Kuhusu malipo, jisajili SHA, bima ya afya ya serikali, kwa kubonyeza *147#. Mfuko wake ulichukua nafasi ya bima ya awali, NHIF, Oktoba 2024. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na mshahara hukadiriwa kipato, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, na hulipa ya mwaka kwa mkupuo. Mfuko ulipoanza, familia ilitengewa hadi shilingi 400,000 kwa mwaka za matibabu ya saratani, na zikiisha, 150,000 nyingine kutoka mfuko wa magonjwa sugu. Uliza dirishani kama viwango vimebadilika, na uhakikishe michango yako iko sawa kabla ya siku ya kipimo. Siku hiyo beba kitambulisho na picha za memogramu za zamani kama unazo, ili daktari azilinganishe na mpya.