Homa ya Ini C Ndani ya Familia

Homa ya ini C husababishwa na virusi vinavyoshambulia ini. Huambukizwa pale damu yenye virusi inapoingia katika damu ya mtu mwingine.

Swali. Baba yake Juma amepimwa na kukutwa na homa ya ini C. Familia imemtengea sahani na kikombe, lakini wembe wa kunyolea bado wanatumia mmoja. Je, wamefanya sahihi? Toa hoja tano. (Alama 5)

Jibu. Hapana, kwa sababu:

(i) Ugonjwa huu hauenezwi kwa kula pamoja, kukumbatiana wala kukohoa. Kumtenga baba kwenye chakula ni kumuumiza bure.

(ii) Wembe, mswaki na kikata kucha huweza kubaki na damu kidogo isiyoonekana kwa macho. Hivyo ndivyo vya kutenga.

(iii) Majeraha yafunikwe, na damu iliyomwagika isiguswe kwa mikono mitupu.

(iv) Mgonjwa anaweza kukaa miaka mingi bila dalili. Kwa hiyo wanafamilia nao wapimwe, hasa watoto ikiwa mama ana virusi, kwani anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa ujauzito au kujifungua.

(v) Baba anaweza kupona. Vidonge vya sasa, ambavyo kwa kawaida humezwa kwa wiki 8 hadi 12, huponya zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100.

Zingatia: Homa ya ini A huenezwa kwa chakula na maji machafu, usiichanganye na C. Homa ya ini B ina chanjo, C haina.